Jiwe la Kuzuia Gombo

Alikuja baada ya mavuno ya shayiri,
Yahathi Mlawi, na punda mwenye sikio lililochanika,
mtu asiye na shamba wala mpaka wa kugombania,
hulala penye mkeka, hula penye moshi.
Kikohozi chake tulikisikia kabla ya kwato.

Langoni pa mji, wazee wanapokatia kesi
na wanawake wanapoanika tini,
alikunjua ngozi ya kondoo juu ya mwamba bapa,
akasoma mstari, akanyamaza, akauliza:
"Nimesema nini?"
Shobali mfinyanzi alijibu kitu kingine kabisa.
Tukacheka, naye akacheka, akaurudia
kwa maneno ya jikoni, kwa maneno ya zizini,
mpaka sheria ikawa mnyama
unayeweza kumshika mkia.

Siku ya tatu akafika penye mizani.
Nilikuwa na miaka tisa, nimeukalia mfuko wa baba.
Ndani yake mawe mawili, alama moja:
moja la kununulia,
moja la kuuzia.
Niliyajua kama mtoto ajuavyo kidato kibovu cha ngazi ya kwao,
bila kufundishwa, kwa mguu tu.

Upepo ukapanda kutoka bondeni, ukainua pembe ya gombo.
"Kijana," akasema, "nipe jiwe."

Mawe yalikuwa tele miguuni pangu;
mji wetu ni mawe matupu, watu wamebanwa katikati.
Lakini mkono wangu uliingia mfukoni.
Usiniulize kwa nini.
Baba alinitazama. Nikatoa moja.
"Na la upande wa pili."
Nikatoa mwenzake.

Akasimama nayo,
moja kiganja cha kushoto, moja cha kulia,
kama mtu aliyesahau alichokuwa akikitafuta.
Kiganja cha kulia kikashuka. Kidogo.
Labda punje kumi za shayiri, labda kumi na mbili.
Nani aliona? Niliona mimi. Baba aliona.
Hogla mjane, mteja wetu wa miaka minne,
akaacha kuchambua dengu zake.

Yahathi akakohoa.
Akaweka jiwe huku, akaweka jiwe huku,
akaendelea na habari ya ng'ombe wa jirani aliyepotea.
Mara ile hakuuliza amesema nini.

Jioni alimrudishia baba yote mawili, mkono kwa mkono,
akashukuru kama mtu aliyeazima kisu.
Mama akamjazia mfuko wa unga,
akaushindilia kwa ngumi, akaongeza tena.

Usiku nilisikia mlango,
nyayo hadi kisimani,
halafu kimya, kirefu, kimya cha mtu anayechagua,
halafu maji yakasema neno moja.

Asubuhi mfuko ulikuwa na jiwe moja.
Nikalipima kiganjani, nikalipima tena.
Jiwe pekee halina ushahidi:
si zito, si jepesi,
mpaka lisimame na mwenzake.
Sikumwuliza baba. Hogla aliendelea kununua kwetu,
akienda nyumbani kuhesabu mikate,
na hesabu yake hakumwambia mtu.

Baba amelala pangoni na baba zake.
Mfuko ni wangu, na magoti haya mabovu.
Siku hizi anakuja mjukuu wa Yahathi,
kijana anayesoma mbio kama aliyeacha chungu motoni;
lakini upepo wa langoni ni ule ule.
Simsubiri aniombe. Nainuka,
naliweka jiwe la baba pembeni mwa ngozi.
"Na la upande wa pili, mzee?"

Upande wa pili
naweka mkono wangu,
nauacha hapo
mpaka amalize kusoma.